Wakwe Wawili na Mlango wa Bafu

Binti wa mwoka mikate aliolewa na kijana wa Mzee Rudia, na tangu siku ya harusi baba zao hawakuwa wameonana tena. Vijana walihamia mji wa mbali, mwendo wa siku mbili kwa gari. Wazee walibaki kusalimiana kwa simu siku za sikukuu, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi ya kuongea kwanza mpaka salio linakwisha hawajasema lolote la maana.

Mzee Rudia maisha yake yote alikuwa mtahini wa madereva. Yeye ndiye aliyekaa kiti cha pembeni na kuamua nani apewe leseni na nani arudi nyumbani akajifunze upya. Jina hilo walimpa waliofeli, maana "rudia" ndilo neno lililomtoka mdomoni kuliko yote. Kazini alishastaafu, lakini jina lilikataa kustaafu naye.

Mjukuu alipozaliwa, bibi zake wote wawili walitangulia kwa basi kwenda kumsaidia mzazi, na mababu wakaambiwa wasubiri kuitwa. Walipoitwa, binti aliona hakuna haja ya wazee wawili kusafiri mbalimbali wakati baba yake ana gari. Lilikuwa gari la kusambazia mikate madukani, refu, la rangi ya krimu, lenye harufu ya hamira mpaka kwenye mikanda ya viti. Kabla hawajaondoka, kijana alimpigia baba yake simu akamwomba jambo moja tu, kwamba asimkosoe mkwe wake barabarani. Mzee akaahidi.

Mdomo wake uliitimiza ahadi, ila mguu ulikuwa haujaahidi kitu. Kila walipokaribia kona, mguu wa kulia wa Mzee Rudia ulikandamiza sakafu pale ambapo breki ingekuwepo, na kila lori lilipotokea mbele, ulikandamiza kwa nguvu zaidi. Mwoka mikate alikuwa akiuona kwa pembe ya jicho, akajikausha. Mara moja tu alimuuliza mkwe wake kama anasikia ganzi mguuni. Mkwe akajibu kwamba hana tatizo lolote, yuko vizuri mno, na gari ni zuri mno.

Shida ya pili ilikuwa chai. Walikunywa nyingi kabla ya kuanza safari, na sasa ilikuwa inadai kutoka. Lakini nani aanze kumwambia mkwe wake kwamba amebanwa? Mwoka mikate alisifia mandhari. Mzee Rudia akasifia mandhari. Vituo vya mafuta vikapita, vyenye vyoo vilivyoandikwa kwa herufi kubwa, na wazee wakajikaza kisabuni. Bila shaka wangefika hivyo hivyo kama tairi la nyuma halingepata pancha. Gari lilipopaki kando, hakuna aliyeliangalia tairi. Mmoja alitokomea kwenye vichaka vya kushoto, mwingine vya kulia, na walirudi nyuso zimekunjuka kama watu waliopokea habari njema.

Tairi la akiba lilikuwepo. Jeki ndiyo haikuwepo. Mwoka mikate alifungua buti, akapekua, kisha akakumbuka kwamba jeki iko kule anakooka mikate, imeegemeza meza ya kukandia unga iliyovunjika mguu. Mzee Rudia alifumbua mdomo, akaufumba. Walisubiri juani mpaka dereva mmoja wa lori akawahurumia na kuwaazima jeki yake.

Kwa hiyo walifika hotelini jua linazama, wamechafuka, wana njaa. Dada wa mapokezi aliwapokea kwa upole wa mtu mwenye habari mbaya. Vyumba vyao vilikuwa viwili, kweli, lakini kimoja paa lilivuja, godoro lenyewe lile pale uani limeanikwa. Kimebaki kimoja, kitanda kimoja. Akaharakisha kuongeza kwamba ni kipana. Kisha akauliza kama wazee ni ndugu.

"Wakwe," walijibu kwa pamoja.

Dada akawaangalia kwa huruma.

Hapo hapo kwenye kaunta yakaanza mashindano ya heshima. Mwoka mikate alisema yeye atalala chini, amezoea. Mzee Rudia akasema haiwezekani, mgongo wake ndio unaopenda sakafu, daktari mwenyewe alishamshauri. Mwoka mikate akasema basi atalala garini. Mzee Rudia akasema na yeye garini. Dada wa mapokezi aliweka ufunguo juu ya kaunta akaenda kuangalia godoro lake.

Ndani ya chumba Mzee Rudia alishurutishwa kutangulia kuoga. Akaingia na taulo, akafunga mlango, na maji yakasikika yakitoka kwa kukohoa. Alipomaliza, kitasa kilizunguka bure. Akazungusha tena. Akavuta. Kwa kuwa hakutaka kumsumbua mkwe wake, alikaa kimya humo ndani muda mrefu akijaribu hiki na kile, mpaka mwoka mikate akapata wasiwasi na kugonga, akauliza kama kuna tatizo.

Mzee Rudia alisema hakuna tatizo. Baadaye kidogo akakiri kwamba lipo.

Mwoka mikate alishuka mbio mapokezi. Fundi wa hoteli alikuwa ameshakwenda kwao, dada akasema atampigia simu. Mwoka mikate akarudi, akachuchumaa mbele ya mlango, akachungulia tundu la kitasa na kumpa pole mkwe wake. Halafu Mzee Rudia, labda kwa kuwa hawakuwa wakionana usoni, au kwa kuwa mtu aliyevaa taulo tupu hana heshima kubwa ya kulinda, akasema:

"Mkwe, unaendesha vibaya."

Mwoka mikate akaacha kuchuchumaa, akakaa kabisa sakafuni.

"Najua. Mguu wako umenieleza tangu asubuhi."

"Kona unaziingia kama unafukuzwa. Na ile gia ya tatu unaionea."

"Basi na mimi niseme langu. Wewe ulinifelisha."

Bomba lilisikika likidondosha.

"Nani, mimi?"

"Wewe. Mara mbili. Nilikuwa na nywele wakati huo, huwezi kunikumbuka. Mara ya kwanza gari lilinirudi nyuma mlimani. Ya pili halikurudi, ukasema sikuangalia kioo. Siku ya harusi nilipokuona umekaa meza ya wazazi wa bwana, nusura nimwambie binti yangu afikirie upya."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Shikamoo mkwe, hongera, karibu soda, unakumbuka ulivyonidhalilisha?"

"Na leseni ulipataje?"

"Mwenzako alinipa. Yule mnene."

"Yule," Mzee Rudia akasema kwa uchungu, "alikuwa anampitisha kila mtu."

Mwoka mikate akaanza kucheka. Alijitahidi kujizuia kwa sababu aliyefungiwa ni mkwe, lakini kicheko kikamshinda, na nyuma ya mlango akasikia mwingine naye amepasuka, kicheko kikubwa chenye mwangwi wa vigae. Dada wa mapokezi alipopanda na kisu cha jikoni badala ya fundi alimkuta mzee mmoja amekaa sakafuni akifuta machozi, na mwingine hayupo ila sauti.

Kisu kilipitishwa chini ya mlango. Mwoka mikate, alipoambiwa kwamba skrubu za kitasa ziko upande wa ndani, akaanza kutoa maelekezo.

"Zungusha kushoto. Taratibu. Usilazimishe."

"Usinifundishe, mkwe."

"Imeteleza?"

"Imeteleza."

"Rudia," akasema mwoka mikate, na ladha ya neno hilo aliisikia mpaka moyoni.

Skrubu zikatoka moja moja. Mzee Rudia akashika kitasa akavuta kwa hasira, na mlango mzima ukang'oka kwenye bawaba ukamwinamia. Akabaki ameukinga kwa mkono mmoja, na wa pili umeshikilia taulo. Akaona lazima achague. Akauachia mlango.

Usiku huo walilala kitanda kimoja, mto umewekwa katikati, na mwoka mikate akakoroma bila kuomba radhi. Kulipokucha, kwa kuwa bafu sasa lilikuwa wazi kama jukwaa, walipeana zamu ya kusimama koridoni.

Siku ya pili gari halikuwa na kimya hata kidogo. Mzee Rudia alikosoa kila kitu, kuanzia klachi mpaka namna ya kupiga honi. Mwoka mikate alimjibu neno kwa neno, akasimama kuchimba dawa vichakani kila alipojisikia, na mara moja walipotea njia kabisa kwa sababu walikuwa wakibishana nani mwenye haki ya kupita kwanza kwenye mzunguko.

Binti aliwasikia kabla ya kuwaona. Alitoka mlangoni na kanga begani, akawakuta baba yake na baba mkwe wake wamesimama barabarani wakifokeana kuhusu jinsi gari lilivyopaki. Alikimbia ndani akamwambia mama yake kwamba yale aliyoyaogopa yametokea, wazee wamegombana.

Mama yake alichungulia dirishani. "Hao hawajagombana," akasema. "Baba yako akigombana na mtu huwa hasemi."

Wazee wakaingia, wakanawa, wakapewa mtoto. Mwoka mikate alimshika, Mzee Rudia akamwelekeza namna ya kuegemeza kichwa. Mzee Rudia naye akamshika, mwoka mikate akaelekeza. Kisha wakaanza kubishana masikio hayo ni ya ukoo gani, sauti zikapanda, mtoto akaamka na kulia. Bibi wawili walimchukua, wakawaonyesha mlango wa kibarazani, na mababu wakatoka, bado wakibishana.