Mgonjwa wa Udongo, Kitanda Namba Tisa

Glavu hakuna, wauguzi tuko wawili kwa vitanda thelathini, na hospitali inatuletea nini? Udongo! Ndoo tatu za udongo wa kufinyanga, na mtaalamu wa ushauri nasaha mwenye sauti ya kumbembeleza mtoto alale.

"Kila mmoja afinyange kinachomwelemea moyoni," akasema. Tumekaa duara, wafanyakazi wa wodi nzima, kwenye mabenchi ya wagonjwa wa nje. "Hapa hakuna kukosea."

Mimi na kufinyanga wapi na wapi? Tena mfukoni nilikuwa na barua ya kuacha kazi, nimeikunja mara nne, nimpe matroni Ijumaa. Lakini mikono haikuniuliza. Ikamfinyanga bibi wa kitanda namba tisa, na kilemba chake, na magoti aliyoyakunja. Wiki tatu nyuma bibi huyo aliniambia, "Mwanangu, kaa nami kidogo." Nikamjibu, "Nakuja, bibi." Nilipokuja alikuwa ameshakwenda, peke yake. Sikulia. Nani ana nafasi, na vitanda ishirini na tisa vinamsubiri?

"Sasa kila mtu akipe kitu chake mahali pa kupumzika," mtaalamu akatuambia.

Kitanda namba tisa kilikuwa kitupu. Nikamlaza bibi, nikamfunika shuka, nikaenda zangu nyumbani.

Nilisahau kwamba zamu ya mchana ni ya Mama Faili. Kwa muuguzi huyu, mtu kulala kitandani bila faili ni jinai. Basi akamfungulia. Jina: Bibi Udongo. Joto: kama la chumba. Mapigo: hayasikiki. Ndugu wa karibu: akaniandika mimi, maana ndiye niliyeonekana nikimleta.

Kesho yake, wakati wa kukabidhiana zamu, nikamvaa. "Wee mama, una akili kweli? Huu ni udongo!"

"Sisi hatubagui wagonjwa," akanijibu, na kuniwekea chati mkononi.

Jumatano daktari akapita raundi. Yule ana wagonjwa tisini, siku hizi anatazama mafaili tu.

"Anakula?"

"Hali, daktari."

"Anakunywa?"

"Hanywi."

"Mwekeeni dripu."

Wakamwekea. Sindano iliingia mara ya kwanza, jambo ambalo halijapata kutokea wodini kwetu. Kufika saa nane mchana bibi alikuwa tope. Daktari akatazama saa yake, akaandika, akaweka sahihi.

Mimi nilikuwa nafunga kidonda kitanda cha pili. Matroni akaja, akanishika kiwiko. Mama huyu sijawahi kumwona ameketi tangu niajiriwe. Akanipeleka kwenye kile chumba kidogo chenye viti vitatu na boksi la tishu, tunakowapeleka ndugu. Mama Faili alikuwa ndani tayari, faili mapajani.

"Kaa, mwanangu," matroni akasema. Naye akakaa.

Nikaanza kucheka. Mbavu sina! "Jamani, acheni utani, nina wagonjwa."

"Tulifanya kila tulichoweza," akasema Mama Faili, taratibu, bila hata chembe ya tabasamu.

Maneno hayo nimewaambia watu mia. Mimi hakuna aliyewahi kuniambia.

"Alikuwa nani wako?" matroni akauliza.

"Hakuwa mtu wangu," nikasema. "Nilimwambia nakuja." Basi hapo nikalia, loo, nikalia kwa sauti kama sijawahi kuwa muuguzi. Nikanyoosha mkono kwenye boksi la tishu, na kama kawaida ya hospitali yetu, tupu! Nikachomoa barua mfukoni, nikaikunjua, nikapengea kamasi upande wenye maandishi.

Mlango ukagongwa. "Sista! Sista!"

Wote watatu tukajiinua nusu, kwa mazoea. Matroni akanishika bega, akanirudisha kitini, na yeye akakaa tena.

"Tumekaa na ndugu wa marehemu," akaujibu mlango. "Subirini."

Na wakasubiri.