Mapovu ya Ghorofa ya Nne

Jirani wa ghorofa ya pili anadai mapovu yale yalipita mlangoni kwake saa tisa na robo mchana, yakiwa kumi na saba, na kwamba kila ngazi ilipokata kona yalisimama kuvuta pumzi. Aliyahesabu mara mbili, kwa sababu alikuwa anachambua mchele na hakuwa na haraka. Mbele yao alipanda mkamwana wa ghorofa ya nne, yule ambaye mama mkwe wake amembandika jina la Bi Pumzika. Naye alisimama pale pale, mkono kwenye ukuta.

Ya kabla ya hapo jirani hakuyaona. Asubuhi ile mwanamke huyo, wa miaka arobaini na moja, alikuwa hospitali, amelala ubavu, kifua kimepakwa jeli ya baridi. Mara mbili huko nyuma alipimwa kwa mashine ya picha za moyo kama ile, akaambiwa moyo wake mzima, apunguze mawazo. Wapimaji wale walitazama katikati ya ukuta unaogawa moyo, wakaridhika. Huyu dada mpimaji hakuridhika. Alimlaza chali, akamwambia akunje magoti, akakikandamiza kifaa chini ya mbavu na kukielekeza juu kabisa, pale mshipa mkubwa unapoingia kwenye moyo. Kisha akatikisa maji ya chumvi kwenye bomba la sindano mpaka yakafanya povu, akayapitisha kwenye mshipa wa mkono.

Kwenye kioo cha mashine mapovu yalijaa upande wa kulia wa moyo. Kumi na saba yakavuka kushoto, kupitia tundu alilozaliwa nalo. Yakaendelea, yakatoka kwenye kioo, yakamsubiri mlangoni.

"Liko juu, ndiyo maana hawakuliona," dada akasema huku anaandika. "Na upande huu wa kulia umetanuka kwa kazi. Unafanya nini na moyo huu, mama?"

"Nafua. Napandisha ndoo ghorofa ya nne."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

Dada aliweka kalamu chini. Alimwambia ataitwa kwa ajili ya upasuaji, na mpaka hapo asibebe kitu. Akamshikia mlango, yeye kwanza, halafu mapovu.

Alirudi nyumbani kichwa juu, kama mtu aliyetoka kupokea cheti. Sebuleni mapovu yalijipanga hewani: vyumba vinne, na pengo kule juu. Mumewe akasogeza kiti kidogo ili televisheni isizibwe. Mama mkwe akauliza kama nguo zilizoanikwa juu ya paa zitashuka zenyewe.

"Mama, moyo wangu ndio huo," mkamwana akasema. "Ngazi nzima umewaambia mimi mvivu. Naomba uwaambie sikuwa mvivu."

Hakukaa. Alisubiri akiwa wima.

Mama mkwe aliyatazama yote, moja baada ya jingine. Akavua miwani, akafuta povu lililokuwa limetua kwenye kioo chake, akaivaa tena.

Jirani, aliyekuwa amepanda nyuma yao na ungo wake, akahesabu upya. Kumi na sita.