Kocha Aliyefeli

Watu wananiuliza ni mbinu gani iliyokipa chuo chetu cha Anderlecht kombe la mpira wa kikapu la vyuo vya Brussels mara tano. Wanataka niwachoree mishale kwenye karatasi. Nawaambia hakuna mishale. Tunashinda kwa sababu vijana wetu hawafeli mitihani.

Mimi naendesha klark, ile mashine ya kuinua mizigo, katika depo iliyo nyuma ya chuo. Shule niliiacha Kalemie nikiwa bado mtoto, lakini kikapu nilicheza mpaka goti likakataa. Mchana nilikuwa nakula mkate wangu nikiwatazama wanafunzi wakicheza uani, na walikuwa wabaya kiasi cha kuniharibia chakula. Nikaanza kuwafokea kutoka upande wa pili wa uzio. Siku moja wakanifungulia geti.

Mwaka wa kwanza tulipigwa na kila mtu. Mwaka wa pili tukampata Dan. Kijana yule akirusha mpira, mimi nilikuwa nageuka kurudi benchi kabla haujaingia, maana nilijua utaingia. Tulifika fainali. Kisha Juni ikaja, Dan akafeli masomo yote, chuo kikamwondoa. Mwezi wa tisa nikamkuta depo kwetu, amevaa kizibao cha njano kama changu, anabeba katoni za sabuni. Alinisalimia kwa furaha kabisa. Furaha ile iliniuma.

Ndipo nikaweka sheria. Anayefeli, hata somo moja, hachezi wala hafungui mdomo siku ya mechi. Anakaa jukwaani na wamama wa wachezaji mpaka arudie mtihani na kufaulu. Walinicheka, na baadhi wakaondoka. Waliobaki wakaanza kusoma pamoja baada ya mazoezi, jasho bado linawatiririka, anayeelewa hesabu anamfundisha asiyeelewa. Vyuo vingine kila mwaka vinapoteza nusu ya timu kwa kufeli. Sisi tunakaa na wachezaji walewale miaka mitatu, minne, mpaka mmoja anajua mwenzake atakuwa wapi bila kugeuza shingo. Dan naye hajambo, kama mnataka kujua. Sasa ndiye mkubwa wangu depo.

Basi mwaka huu ligi ikaamua kila kocha awe na brevet, yaani cheti cha ukocha. Asiye nacho, msimu ujao asionekane benchi. Nikaenda kufanya mtihani wa kuandika, nimezungukwa na vijana wa umri wa wanangu. Waliuliza habari za misuli, mapafu, na mawazo ya mtoto wa miaka tisa. Nikapata huit sur vingt, nane juu ya ishirini. Wakanipa nafasi ya kurudia wiki inayofuata. Nikikosa tena, timu inapewa mtu mwingine.

Jumanne niliwaambia wachezaji bila kuzunguka.

"Nimefeli. Bon, tukimbie."

Hakuna aliyekimbia. Kapiteni wetu Élisée, kijana wa familia ya Bukavu, akaubana mpira kwapani.

"Papa Coach, na samedi?"

"Jumamosi kuna nusu fainali na watu wa chuo cha Evere. Hawajapoteza hata mechi moja."

"Najua. Nauliza sheria inasema nini."

"Sheria ni ya wanafunzi."

"Na ile siku ya examen, weye ulikuwa nani? Directeur?"

Timu nzima ikaangua kicheko. Nikawaambia ligi imeniruhusu kufundisha hadi mwisho wa msimu.

"Ligi haiko na sheria hii," Élisée akasema. "Iko yetu. Mwaka jana ulinikalisha jukwaani juu ya somo la statistique, nikalia mbele ya batu. Ukasema siku moja nitakushukuru. Bon, leo nakushukuru."

Nikachukua koti langu nikaondoka.

Nyumbani Berchem nilitegemea mke wangu atanitetea. Alphonsine alicheka mpaka akazima jiko.

"Kwa wamama? Weye? Ngoja nikutafutie kitenge."

"Alphonsine, wataninyang'anya timu."

"Ukiivunja sheria yako, timu gani itabaki ya kunyang'anywa?"

Jumamosi nikamwachia Élisée benchi, nikapanda jukwaani. Maman Marie-Claire, mama yake Élisée, alikuwa ameniwekea nafasi, na bakuli la mandazi mapajani.

"Karibu, mon fils," akasema, kana kwamba mimi mwanawe, na umri wetu ni mmoja.

Hadi mapumziko tulikuwa nyuma kwa pointi tisa. Kulikuwa na kijana mmoja mrefu wa Evere, kila mara anapokea mpira upande wa kushoto, peke yake, kama yuko sebuleni kwao. Kipindi cha pili kilipoanza nikashindwa, nikasimama.

"Hawamuoni yule wa ku..."

"Kaa chini!" Marie-Claire akanivuta koti. "Uko seconde sess, unarudia examen. Funga kinywa."

Watu wa nyuma wakacheka. Akanitia andazi mkononi. Nikalitafuna bila kusikia ladha, macho yamenitoka.

Muda mfupi baadaye Élisée akaomba mapumziko mafupi ya dakika moja. Akachuchumaa kati ya wenzake, akaonyesha kidole kushoto. Waliporudi, yule mrefu akawa na mtu mbele na mtu nyuma, sebule imejaa. Tulishinda kwa pointi moja.

Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Halafu nikakaa, kwa sababu wazo baya lilikuwa limenijia.

"Wameweza bila mimi," nikamwambia Marie-Claire. "Brevet ya nini sasa?"

"Bila weye? Papa Mwenze, mutoto alikuwa anageuka huku kila dakika kuangalia sura yako. Uliposimama unaangalia kushoto, umevimba kama unataka kumeza mutu, hapo njo alielewa shida iko wapi."

"Sikusema neno."

"Sheria inakataza kinywa. Sura haikukatazwa."

Kabla sijajibu, timu nzima ikapanda ngazi, bado imelowa jasho. Élisée alikuwa na kitabu changu cha mtihani. Alphonsine alikuwa amempa asubuhi ile.

"Jeudi unarudia," akasema. "Leo tunaanza na mapafu."

Walinikalisha katika kantini ya chuo kila siku baada ya kazi. Kila jibu baya, nazunguka uwanja mara moja. Goti lile lililokataa lilikubali. Nilijifunza mapafu, misuli, na yule mtoto wa miaka tisa na mawazo yake yote. Alhamisi nikarudi kwenye mtihani, na Ijumaa matokeo yakaja nikiwa juu ya klark: quatorze sur vingt, kumi na nne juu ya ishirini. Dan alisimamisha kazi depo nzima ili nipigiwe makofi.

Fainali ilikuwa kesho yake. Wapinzani walikuwa wadhaifu, sidanganyi, tuliwapiga kwa pointi ishirini na mbili. Mimi nilikuwa benchi, na nilifoka tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho, hata pale ambapo hapakuwa na sababu yoyote ya kufoka.