Shati Kwenye Mnara wa Taa

Mume wa muuguzi mmoja alikuwa fundi wa taa za kuongozea meli. Tangu aende kutengeneza mnara ule wa mbali, kule ncha ya rasi, simu yake ilikuwa haipatikani. Mwanzoni muuguzi alijipa moyo: huko mtandao ni wa kubahatisha. Kisha siku zikapita bila neno. Asubuhi moja aliomba ruhusa wodini, akaenda kuwasha gari, akamkuta mamamkwe ameshakaa kiti cha mbele, mkoba mapajani.

"Mama, nilitaka uniachie niende mwenyewe."

"Kwako ni mume, kwangu ni mwanangu. Endesha."

Wawili hao hawakuwa wakiiva chungu kimoja, lakini hapakuwa na muda wa kubishana.

Barabara iliambaa na bahari, huku mwamba, huku maji ya buluu yakimeremeta hadi upeo wa macho. Watu hufunga safari kuja kupiga picha pale. Yeye hakuona buluu wala nini. Aliona ukingo tu, na kila kona alipunguza mwendo. Mama hakufunga mdomo. Alisimulia jinsi kijana wake alivyokuwa mtundu tangu utotoni, alivyoanguka kutoka darini akainuka akiomba chakula.

"Yule ni paka, hafi hovyo," alisema, akacheka peke yake. Halafu akaukumbatia mkoba wake.

Mbele kidogo mawe yalikuwa yameporomoka na kuziba njia. Wakaacha gari.

"Nisubiri hapa, mama. Viatu vyako si vya kutembelea huku."

"Nisubiri nikifanya nini, nihesabu vidole?" Akavua viatu, akavishika mkononi.

Walipokata kona ya mwisho, mnara ukatokea, mweupe, mlango wake wazi. Juu kabisa, kwenye reli, kitu kilipepea. Muuguzi alilitambua shati lile; alikuwa amelipiga pasi mwenyewe.

"Mbona halina mtu?" mama aliuliza kwa sauti ndogo.

Muuguzi alitimua mbio hadi mlangoni. Ndani, kipande cha ngazi ya chuma kilikuwa chini sakafuni, kimeliwa na kutu. Aliita jina la mumewe mpaka sauti ikapasuka. Akaita tena.

"Msipande!" Sauti ilitoka juu, kavu kama ya mzee. "Ngazi imekatika!"

Mama, aliyekuwa amefika mlangoni, alikaa chini palepale, akalia kwa kwikwi. Muuguzi alipanda hata hivyo, polepole, hadi ngazi ilipoishia. Juu yake, ng'ambo ya pengo, ulichungulia uso wa mumewe, midomo imepasuka kwa kiu. Ngazi ilipovunjika alikuwa amedaka ukingo wa sakafu ya juu akajivuta, lakini kifundo cha mguu kilikuwa kimeteguka na simu ilikuwa imemponyoka ikatumbukia baharini alipotafuta mtandao kwenye reli. Shati alilifunga relini ili meli zimwone. Kamba alikuwa nayo. Tatizo ni kwamba ilikuwa fupi na ilining'inia mbali na ngazi; bila mtu wa kumvuta angeangukia sakafuni.

"Umeifunga wapi?" aliuliza muuguzi.

"Kwenye nguzo ya taa. Haifunguki."

"Basi shuka. Niangalie mimi, usiangalie chini."

Mume alishuka kwenye kamba akibembea. Chuma kikalia chini ya nyayo za muuguzi. Alijinyoosha, akamkosa, akajinyoosha tena, akanasa mkanda wa suruali na kumvutia kwake. Walishikana hivyo, hakuna aliyethubutu kupumua, kisha wakateremka wakijikokota.

Mama alimpiga mwanawe kofi begani, ndipo akamkumbatia.

Walimwegemeza mabegani mwao hadi garini. Mama alikaa nyuma, mguu uliovimba ukiwa mapajani mwake. Muuguzi aligeuza gari vizuri tu, akapita kona kadhaa, kisha akaegesha kando ya barabara. Akazima injini, akalaza paji la uso kwenye usukani.

"Gari limeharibika?" aliuliza mume.

"Halina kitu," alisema mama. "Mwache apumue kwanza."