Kamba ya Sajini

Hapana, ile si jasho. Ile ni maji ya mto. Kipruto akichuma majani chai kwa shamba ya Rebeccah, hata kama ni Januari na jua inachoma, shati yake inatoa maji tu, na ndiyo sababu karani hukung'uta kikapu yake mara mbili kabla ya kuweka kwa mizani. Ndiyo, ni bwana yake. Najua anakaa kama mjukuu wake. Alikufa na miaka ishirini na tatu, sasa ulitaka akae namna gani?

Sogeza hiyo kiti, moshi inakufuata. Nikuambie vile ilikuwa.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nne, siku ya Jumapili, watu wametoka kanisa. Hapa Merigi hakukuwa na nyumba kubwa ya kuonyesha sinema, kwa hivyo ililetwa kwa banda ya majani. Jumapili hakuna kupima. Wakasukuma mizani kwa kona, wakaziba madirisha na magunia, wakafunga shuka nyeupe kwa ukuta. Shuka ilikuwa ya Kiptum, bado na alama ya kukunjwa. Kiptum ndiye alikuwa mwenyekiti wa banda. Baba yake alikuwa Sajini Kipchirchir, na sinema ilikuwa ya huyo huyo Sajini. Watu wa Nairobi ndio walitengeneza. Walitafuta kijana mrefu wa kuwa Sajini, meno yake safi, wakampaka mafuta ang'are. Dispensari yetu mpya ilikuwa inangoja kupewa jina, na Kiptum alitaka watu waone sinema kwanza, halafu waamue.

Sajini tulimjua. Alirudi kutoka vita ya Burma na medali na sauti kubwa. Alituletea dip ya kuosha ng'ombe kupe. Alileta shule. Alichapa wanafunzi, akachapa walimu, siku moja akachapa mtu wa posta kwa sababu barua yake ilikuwa na matope. Alikufa kwa kitanda yake, amefunikwa vizuri. Lakini ile siku alirudi kutoka vita, kabla hata hajakunywa maziwa, aliambia ukoo kwamba Kipruto, mtoto wa baba yake mdogo, alitoroka vitani. Alisema aliona na macho yake: bunduki imetupwa, mgongo inaenda.

Wazee wakakata maneno. Jina ya Kipruto isiitwe.

Wewe unajua vile sisi hufanya mtoto akizaliwa. Wanawake wazee wanamwekea ugoro kidogo kwa pua, wanaita wale wa ukoo walikufa, mmoja mmoja. Ile jina mtoto atapiga chafya, basi huyo ndiye amerudi. Na mpaka apige chafya, hakuna mtu anakula. Sasa mtu asipoitwa, atarudia wapi? Miaka hamsini Rebeccah alienda kwa kila mtoto wa boma, akakaa karibu na mlango, akangoja, na Kipruto hakuitwa. Anangoja tu, halafu anaosha vyombo na wengine.

Basi, sinema. Mashine ilikuwa inashikwa na kijana wa Kisii, Mochama. Tukaona Sajini akiwa mdogo, anachunga ng'ombe. Tukaona meli. Tukaona msitu na mvua, watu wakapiga makofi kwa sababu ile mvua ilikuwa kama ya hapa. Kufika kwa mto, ile mahali Sajini anabeba watu wameumia anawavusha, yule kijana wa Nairobi akasimama kando, kama mtu anapisha mwenye nyumba, na Sajini mwenyewe akaingia kwa shuka. Na ile kovu yake ya kidevu.

Kiptum akasema, "Baba."

Sajini hakuitika. Alikuwa na haraka.

Kulikuwa na kamba imefungwa kwa miti, huku na ng'ambo. Sajini akashika akavuka, peke yake. Nyuma yake tukaona Kipruto, mtu amemlalia kwa mgongo, na wengine watatu wamekaa chini wanangoja zamu. Kipruto akaweka mguu kwa maji. Sajini akaangalia nyuma, akasikia bunduki zinakaribia, akatoa panga akakata kamba. Mara mbili, kwa sababu ilikuwa imelowa.

Maji ikatoka kwa shuka ikaingia banda. Haikuwa nyingi. Watu waliinua miguu wakaweka juu ya benchi. Mama mmoja akashika kiatu yake ikipita. Halafu Kipruto akatoka na yeye, kipande ya kamba kwa mkono, akasimama kando ya mizani, akakamua kofia.

Mochama akazima mashine. "Hata Kedowa, pale nilionyesha juzi, maji ilitoka," akasema. "Kule ilifika magoti."

"Na mtu alitoka?" mimi nikamuuliza.

"Hapana, mzee. Kule hawakuwa na mtu wao ndani."

Rebeccah alikuwa benchi ya tatu. Akaamka polepole, ile magoti yake unajua, akaenda akamfunika Kipruto na leso yake ya kanisa.

"Umechelewa," akamwambia.

"Kamba ilikatwa."

"Tumeona."

Akamshika mkono wakaenda nyumbani. Sisi tukabaki tunafagia maji.

Sasa hapo ndipo maneno ilianza. Ile wiki yote, kwa dip, kwa posho mill ya kusaga unga, kila mahali ni Sajini tu. Wengine walisema vita ni vita, mtu akikata kamba amekata. Wengine walisema ni mtu mbaya, lakini ni mbaya wetu. Atuti, yule mwenye duka, akasema mtu kama huyo hawezi kuwekwa jina kwa nyumba ya wagonjwa. Akaulizwa, "Wewe Atuti, ulikuwa Burma?" Akaulizwa tena, "Na ng'ombe yako huoga wapi?" Akarudi kupima sukari, kwa sababu ng'ombe yake huoga kwa dip ya Sajini. Wengine walisema hawajali Sajini wa kweli, yule kijana wa Nairobi ndiye Sajini mzuri, na dispensari ipewe jina kwa ajili ya yule. Hao ndio walikuwa wengi.

Alhamisi mkutano ikakaa. Kiptum akasimama. "Kipruto yuko hapa," akasema, "tumuulize mwenyewe. Kipruto, wewe uko na shida na jina ya dispensari?"

"Hiyo iiteni vile mnataka," Kipruto akasema. Maji ilikuwa inadondoka kwa mikono yake. "Mimi nataka tu niitwe. Mke wa mjukuu wangu karibu anazaa. Niitwe mara moja."

Karani aliandika ile ya dispensari. Ile nyingine hakuandika. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, niliona kalamu imesimama. Sikusema kitu. Kiptum ndiye anaamua majani ya nani inapimwa kwanza na ya nani inakaa mpaka inakauka, na mimi nilikuwa na vikapu sita hapo nje.

Janeffer, huyo mke wa mjukuu, akazaa Jumamosi asubuhi. Kijana, mzito. Wanawake wakaingia ndani, na mwenye kuita majina alikuwa Tecla. Ndiyo, nyanya yako. Sisi wanaume tukakaa nje kwa ukuta. Kuku wawili walikuwa wamepikwa, ugali iko kwa sufuria imefunikwa, na harufu ilikuwa inatoka kwa mlango inatupata vizuri. Kipruto alisimama kwa kizingiti. Akienda ndani, maji ingefika kwa moto.

Nyanya yako akaita. Akaita babu, akaita baba ya babu, akaita yule aliuawa na nyati. Mtoto hapigi chafya. Akaongeza ugoro. Akaita wale wa zamani sana, hata mimi siwajui. Mtoto anaangalia tu. Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Kiptum alikuwa hapo na sisi, anasema kuku wakipoa wanakuwa kama mpira.

"Bado mmoja," nyanya yako akasema. "Kipchirchir."

Huyo ni Sajini. Mtoto akapiga miayo. Tukangoja kidogo, chafya haikuja.

Hapo Rebeccah, pale karibu na mlango, miaka hamsini amefunga mdomo, akasema, "Kipruto."

Mtoto akapiga chafya. Akapiga mara tatu, mpaka paka akatoka nje.

Hakuna mtu alishangaa. Nyanya yako akafuta pua ya mtoto na kidole. Akaangalia Rebeccah. Akaangalia sufuria. Akaangalia huku nje, nafikiri aliniangalia mimi, na mimi nikaangalia kuku ya jirani ikipita.

"Ugoro hukawia," akasema. "Ilikuwa imeitwa Kipchirchir. Amerudi Kipchirchir."

Wanawake wakapiga vigelegele, mara nne vile inatakiwa kwa kijana. Rebeccah hakupiga. Kiptum akalia, kwa kweli alilia, akasema baba yake amekuja nyumbani.

"Tecla," Rebeccah akasema, "wewe umesikia."

"Nimesikia, mama. Watu wana njaa."

Kipruto akafunga ile kipande ya kamba kwa kiuno, kama mtu anataka kwenda na hana mahali. Nyanya yako si mtu mbaya. Akamwambia, "Kaa, mgeni. Ukule." Akamwekea ugali kwa kifuniko ya sufuria, kwa sababu sahani ilikuwa imeisha. Akakaa pale pale kwa kizingiti. Rebeccah akachukua sahani yake, akaenda akakaa chini kando yake, nguo ikalowa.

Kiptum akaomba. Akashukuru Mungu kwa kurudisha Kipchirchir. Tukasema amina, Kipruto pia akasema. Mtoto akapiga chafya tena, na tena. Hakuna mtu aliinua kichwa. Tulikuwa tumekaa wote, na ugali ilikuwa bado moto.