Gari Jekundu la Baba Mkwe

Kabla hata posa yangu haijajibiwa, nilishatafutiwa gari la kununua. Baba wa mchumba wangu alilitoa uani, akalifuta kwa kitambaa, akaniambia, "Hili simuuzii mtu wa nje." Lilikuwa gari la spoti, jekundu, milango miwili, limelala chini kama paka anayevizia. Mchumba wangu akaingia upande wa abiria, akavaa miwani ya jua, akapigapiga kiti cha dereva.

"Njoo basi."

Niliingia. Nani asingeingia? Kitu pekee kilichonikera ni kioo cha mlango wake, kilichokuwa kikigonga kila tulipopanda tuta.

"Baba, historia ya ukaguzi ipo?" niliuliza tuliporudi. Niliuliza kwa adabu, mikono nyuma.

Kaka wa mchumba wangu, ambaye nyumbani walimwita Bosi ingawa hakuwa na kazi, alicheka mpaka akapaliwa. "Mnamsikia shemeji? Anataka cheti cha kuzaliwa cha gari!"

"Mwanangu," mzee alisema, "historia yake ni mimi."

Nilielewa. Mtu mzima akishasema, kuulizia karatasi ni kumwita mwongo. Hata kwetu ni hivyo. Lakini niliwawaza watoto wetu, ambao kichwani nilishawapa majina, wamebanana kwenye kile kiti kidogo cha nyuma. Kesho yake nikaenda kituo cha ukaguzi wa magari, namba ya chasisi nimeiandika kiganjani.

Mama wa dirishani aliingiza namba, akasoma, akanitazama.

"Unauza au unanunua?"

"Nanunua."

"Basi una bahati. Unapata magari mawili kwa bei ya moja."

Akanigeuzia kompyuta. Gari lilikuwa limepata ajali mbaya. Nusu ya mbele ilikatwa, ikaunganishwa na nusu ya nyuma ya gari jingine, zikachomelewa chini ya viti. Wakaguzi walilikataa, wakaandika lisirudi barabarani. Mwenye gari, jina lake lipo pale pale, ni mzee mwenyewe.

"Likigongwa kidogo tu linaachana katikati," mama yule alisema, safari hii bila utani. Akanichapia nakala.

Njia nzima nilimtetea mzee. Labda hakuelewa walichoandika. Labda fundi alimdanganya. Nilipanga kumwambia faraghani ili asiaibike, hata sauti ya kumwambia nilishaifanyia mazoezi.

Nilipomwomba tuzungumze pembeni, alikataa. Alimwita mkewe, akamwita Bosi, akamwita mchumba wangu. Wote wakakaa sebuleni, mimi nikaachwa nimesimama katikati ya zulia.

"Sema. Nyumba hii hatunong'oni."

Nikasema. Nilichagua maneno kama mtu anayetembea juu ya vigae vilivyovunjika. Nilipomaliza, hakuna aliyeshtuka.

"Kwa hiyo ulienda kunichunguza," mzee alisema.

"Hapana, baba. Nilidhani hujui."

"Umesikia, mke wangu? Mimi sijui gari langu."

"Ndio usomi huo, mama," Bosi akadakia. "Siku ya harusi angemdai bibi harusi risiti!"

Wakacheka. Mama mkwe alicheka akiwa ameziba mdomo, nikaona mabega yake yakitikisika. Nilimgeukia mchumba wangu.

"Ulijua?"

Alikuwa akibandua rangi ya kucha. "Nilijua."

"Na ungeniacha niliendeshe?"

"Nilidhani utaendesha taratibu," alisema. "Si mwoga wewe?"

Mzee hakupandisha sauti. "Anayeogopa gari langu hawezi kumtunza binti yangu. Nenda zako, kijana."

Jana nilikuwa "mwanangu."

Nje, Bosi alikuwa nyuma yangu, simu sikioni. "Gari bado lipo, kaka. Njoo tu, halina tatizo lolote."

Sikuondoka. Nilikaa ng'ambo ya barabara, kwenye ngazi za duka la viatu, nikiwa na karatasi yangu. Alasiri akaja kijana wa rika langu, shati limepigwa pasi vizuri. Gari likatolewa, likafutwa. Mchumba wangu akatoka na miwani yake, akaingia, akapigapiga kiti cha dereva.

"Njoo basi."

Nikavuka barabara mbio. "Kaka, subiri. Soma hii kwanza."

"Huyu nani?" kijana aliuliza.

"Tumemkatalia posa leo," Bosi alisema. "Ana uchungu. Mwonee huruma tu."

"Ni taarifa ya ukaguzi," nilisema. "Soma mistari ya juu tu. Ni uhai wako huu, kaka."

Kijana aliipokea. Alimtazama mzee, akanitazama mimi, na nikaiona ile adabu ikimpanda usoni. Naifahamu sana, ni ile ile yangu.

"Mwenye gari yupo hapa, mzima," alisema. "Nisome karatasi ya nini?"

Hakuifungua. Aliinama kidogo, akamkabidhi mzee kwa mikono miwili.

Mzee aliikunja, akaikunja tena mpaka ikawa nene, akazunguka hadi upande wa binti yake. Akaichomeka kwenye upenyo wa kioo cha mlango. Akakigonga kioo kwa kidole. Hakikutikisika.

"Umeona?" alimwambia kijana. "Tatizo lilikuwa hilo tu."