Karatasi Nne, Si Zaidi

Mimi kitu cha bure hukigeuza kwanza nikakitazama chini. Sikuzaliwa hivyo. Miaka ishirini na miwili ya kuwa mhazili wa shule ndiyo iliyonifundisha. Nimeona mzazi akileta boksi la chaki, "zawadi tu, mama," na kesho yake anaomba mwanawe arukishwe darasa. Wanasema mkono mtupu haulambwi. Mimi naongeza kwamba mkono uliojaa nao hauji bure.

Kwa hiyo mkwe wangu aliposimama mbele ya walimu na kusema upo mfumo wa kompyuta ambao haununuliwi, hauna leseni ya kuisha, na yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuufungua na kuubadilisha, nilivua miwani. Walimu wanajua kwamba nikivua miwani kuna mtu atajuta.

Mkwe wangu ndiye fundi wa kompyuta wa shule yetu. Walimu wanamwita Pengwini, kwa sababu ya picha ya ndege huyo mnene aliyoibandika mgongoni mwa laptopu yake. Ndiyo nembo ya huo mfumo wao, Linux. Binti yangu alimpata kwa njia ya kutengenezewa simu. Simu moja iliharibika mara nne ndani ya mwezi mmoja. Tangu mara ya pili nilijua kinachotengenezwa si simu, lakini ndoa ikafungwa, na sasa binti yangu ana mimba ya miezi minane.

"Nani aliutengeneza huo mfumo?" nikamuuliza.

"Watu wengi, mama. Dunia nzima. Wengine hawajawahi hata kuonana."

"Na wanapata nini?"

"Wapo wanaoajiriwa na kampuni kuifanya kazi hiyo. Wengine wanajitolea tu."

"Wanajitolea tu." Nilirudia polepole ili kila mtu asikie. "Watu wasiojuana wanamhangaikia mama wasiyemjua, na hawataki kitu."

Mwalimu wa hisabati, ambaye hupenda kila kitu kipya mpaka kizeeke, akasema penye wengi hapaharibiki neno. Nikamjibu kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chumba kizima kikacheka isipokuwa Pengwini. Ana kasoro hiyo: ukiutania mfumo wake anaona umetukana ukoo. Akaanza kueleza kwamba programu yetu ya zamani ni sufuria iliyofunikwa, tunakula tusichokijua, lakini hii yake imefunuliwa, na kila ajuaye kupika anaweza kuchungulia na kuonja.

"Na mwizi naye anachungulia?" nikauliza.

"Anachungulia, mama. Lakini na sisi tunachungulia."

Sikuridhika hata kidogo. Kwangu mimi mlango ulio wazi ni mlango ulio wazi.

Lakini Mkuu wa shule alikuwa amechoka. Leseni za zamani zilikwisha, na virusi vilikuwa vimekula matokeo ya muhula mzima. Akakubali. Kompyuta tisa zikabadilishwa, na yangu ikawa ya mwisho, kwa sababu kila Pengwini alipokuja alinikuta nina kazi ya haraka. Mwishowe alinivizia siku niliyokwenda kliniki na binti yangu. Niliporudi nikakuta kioo kina rangi nyingine, na juu ya meza kijitabu cha kurasa sitini.

"Kila kitu kimo humo, mama," akasema. "Soma tu."

Ndivyo walivyo hawa watu. Ukiwauliza njia ya kwenda chooni watakupa ramani ya mji. Nikakiingiza kijitabu chini ya mguu wa meza unaoyumba, na siku tatu nzima nikaandika barua kwa mkono.

Siku ya nne ujanja uliniishia. Ulikuwa umefika mtihani wa majaribio wa hisabati wa darasa la mwisho, na mitihani yote hupita mikononi mwangu. Nina utaratibu wangu ambao haujawahi kuvunjwa. Printa ni moja tu, lile dude kubwa la chumba cha walimu, upande wa pili wa korido. Nasubiri watu waondoke. Natoa karatasi zote zilizomo ndani ya printa na kuziweka juu ya kabati, kisha naweka zinazotakiwa peke yake. Mtihani ukiwa wa kurasa nne naweka karatasi nne, si zaidi, ili hata mwenye nia mbaya akijaribu kujitolea nakala ya pili asipate cha kuchapia. Nafunga mlango kwa ufunguo, narudi ofisini kwangu, nabonyeza mara tatu.

Hizo mara tatu si wazimu. Kompyuta ile ilikuwa na ukaidi: amri ya kwanza inaimeza, ya pili inaimeza, ya tatu ndiyo inafika. Miaka sita nilikuwa naipigia kama hodi, na hodi ni tatu.

Nilipokwenda kutazama, kurasa zangu nne zilikuwa zimetoka safi. Kitaa chekundu cha printa kilikuwa kinapepesa kudai karatasi nyingine, nikakiacha kipepese. Mtihani nikautia kwenye bahasha usubiri kudurufiwa asubuhi yenyewe, bahasha kwenye kabati la chuma, na ufunguo mahali ambapo hata marehemu mume wangu alikuwa akiomba ruhusa kwanza.

Darasa la mwisho likafanya mtihani wiki iliyofuata. Siku mbili baadaye mwalimu wa hisabati aliingia ofisini kwa Mkuu akiwa amekumbatia rundo la majibu. Wanafunzi thelathini na mmoja kati ya arobaini walikuwa wamepata swali la tisa, na njia zao zilifanana hatua kwa hatua.

"Swali la tisa mimi mwenyewe nililikosa mara ya kwanza," akasema. "Na mimi ndiye niliyelitunga."

Tukaitwa, tukawa wanne tu: Mkuu, mwalimu wa hisabati, Pengwini na mimi. Mkuu akauliza mtihani ulilala wapi. Nikaeleza bahasha, kabati, ufunguo. Nilipomaliza, macho yote yalikuwa yamehamia kwa fundi. Hakuna aliyeniuliza nafikiri nini, lakini nilisema.

"Mimi nilionya. Tumeleta kitu ambacho utumbo wake uko nje, kila mpita njia anaugusa, halafu tunashangaa siri zimetoka. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Fundi," Mkuu akasema, "una la kujibu?"

Pengwini akainua macho akanitazama. Tangu siku ya harusi hakuwahi kunitazama hivyo. Mkwe wangu ana adabu zake, akiongea nami huangalia viatu vyangu. Kisha akainamisha kichwa.

"Sina, Mkuu."

Sina! Asiye na hatia hupiga kelele mpaka majirani watoke nje. Sitaficha, nilifurahi. Nilifurahi kwamba nilijua tangu mwanzo, kuanzia ile simu. Halafu nikamkumbuka binti yangu na tumbo lake, na furaha ikaisha.

Jioni ile binti yangu alikuja. Akasimama kwenye mlango wa jikoni, mkono mmoja kiunoni, na hakutaka kukaa.

"Mama, umemshitaki baba wa mwanangu."

"Nimesema ninachokijua."

"Unajua nini?"

Nikaendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata. "Kama hana kosa, mbona hajitetei?"

"Nimemuuliza. Anasema jibu analo, ila yapo maneno ambayo kinywa chake hakiwezi kuyatoa." Akajifuta macho kwa kiganja. "Wakimfukuza hapa kwa wizi wa mtihani, shule gani nyingine itamfungulia mlango? Mtoto anakuja, mama."

Nikamwambia kimya kingi kina mshindo mkuu. Akaondoka bila kuaga.

Alhamisi Mkuu akaniletea karatasi aliyoiandika kwa mkono wake. Ilikuwa barua ya kumwachisha kazi fundi wa kompyuta, kwa kuvujisha mtihani.

"Najua ni mkweo," akasema. "Ukishindwa nitaichapa mwenyewe."

"Kazi ni kazi, Mkuu."

Nimeandika barua nyingi za aina hiyo bila kukosea herufi. Siku hiyo jina lake nililikosea mara mbili. Barua ya kuachisha kazi ni siri kama mtihani, kwa hiyo nikafuata utaratibu wangu. Nilisubiri kipindi kianze na chumba cha walimu kiwe kitupu, nikatoa karatasi zote, nikaweka moja, nikafunga mlango. Nikarudi ofisini nikabonyeza mara tatu, nikaenda kuchukua. Kitaa kikapepesa, nikakiacha. Mkuu akatia sahihi na kuniambia nimkabidhi mhusika kabla ya mapumziko.

Nilimkuta kwenye chumba cha walimu, peke yake, amechuchumaa nyuma ya printa akikusanya nyaya zake kwenye mfuko. Alikuwa ameshajua. Aliponiona akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bahasha ilikuwa chini ya kwapa langu.

Labda ili asiniangalie, akageukia kile kitaa chekundu. Fundi hawezi kuona taa inapepesa akaiacha, hata akiwa amefukuzwa. Akachukua rundo la karatasi juu ya kabati, akalitia kwenye trei, akaisukuma. Printa ikakohoa. Ikatoa karatasi moja, ikapumua, ikatoa ya pili.

Akaziokota na kuzisoma. Nilimwona anafika kwenye jina lake. Hakukunja uso. Aliziweka pamoja, akanipa kwa mikono miwili kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyompa mtu mzima kitu.

"Mama," akasema, akiwa ameangalia viatu vyangu, "huwa unabonyeza mara ngapi?"

"Tatu."

Neno likanitoka, kisha nikalisikia. Nikakaa kwenye kiti cha mwalimu wa zamu. Mfumo mpya haumezi amri: barua moja, nakala mbili zilizobaki njiani zikisubiri karatasi. Mtihani mmoja, kurasa nne, mara mbili. Nane. Dirishani lilikuwepo lile boksi la karatasi zilizoharibika, ambalo wanafunzi huja kuchota wafanyie hesabu upande mweupe. Boksi hilo nililianzisha mimi, ili karatasi zisipotee bure.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Tangu siku ile tuliyoitwa, mama. Asubuhi yake nilikuwa nimeshasoma. Kompyuta inaandika kila kinachochapwa, saa na dakika, na kimetoka kwa nani. Saa kumi na dakika arobaini, mara tatu, kutoka mezani kwako. Kesho yake mwalimu wa zamu aliweka karatasi achape orodha ya zamu, na zikatoka nane kabla ya yake. Nadhani aliona ni takataka, akazitupa boksini."

"Na wewe ukanyamaza."

"Kumbukumbu ziko wazi, mama. Nilitegemea Mkuu atauliza, au mwalimu wa hisabati atafungua aone. Siku zote nawaambia ziko wazi. Hakuna aliyefungua." Akakunja waya, akaukunjua, akaukunja tena. "Mimi ningesemaje? Nisimame mbele ya watu nimnyooshee kidole mama mkwe wangu? Na kosa si lako peke yako. Nilikuletea kijitabu. Sikukuuliza hata siku moja unafanyaje kazi yako."

Niliona aibu, aibu yenyewe. Kijana alikuwa amekubali kupoteza kazi yake mwezi mmoja kabla ya mtoto kuzaliwa, ili mimi nisifedheheke, na hakutaka kitu. Hicho nacho kilikuwa cha bure. Mimi ninayegeuza kila kitu nikakitazama chini, hicho sikukigusa, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kina nini.

"Usiondoke," nikamwambia. "Kaa hapo hapo."

Nikarudi ofisini na bahasha yangu na zile nakala mbili. Nikaketi mbele ya kompyuta. Miaka ishirini na miwili inaweza kumalizwa na barua moja, nami najua zinavyoandikwa. Nikamwandikia Mkuu mistari minane. Nilisema mtihani ulivuja kwa mkono wangu, nikaeleza namna, nikataja boksi la dirishani, nikasema saa na dakika zipo kwa yeyote atakayetaka kuzisoma. Mstari wa mwisho ulisema kwamba fundi alijua na akanisitiri, nami nilimshitaki bila kuona kitu. Nikatia jina langu chini, na safari hii sikulikosea.

Trei kule ng'ambo ilikuwa imejaa karatasi. Sikwenda kuzipunguza.

Nikabonyeza mara moja. Kidole kikainuka chenyewe kwenda mara ya pili, nikakishika kwa mkono wa kushoto nikakibana mapajani. Korido ilikuwa kimya. Moyoni nilisema imemezwa, najua imemezwa, hivi vitu vya bure ndivyo vilivyo. Kisha kule mwisho printa ikakohoa, na nikasikia hatua za mkwe wangu zikiisogelea. Hatua zikasimama muda wa mtu kusoma mistari minane.

"Mama," akaita, na sauti yake haikuwa imenyooka. "Imefika. Imetoka moja tu."